Askari Walioomba Maji: Uchambuzi wa Kisa cha Kilima cha Vita Ufukweni mwa Ziwa Victoria

Kuhusu kisa hiki

Kisa ninachokieleza kilitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Mwanza, mashariki ya jiji, mahali ambapo majabali yanashuka hadi kwenye maji ya ziwa. Majina ya kijiji, ya kata na ya kila aliyehusika nimeyaondoa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu nimeyabadili. Wakati huo nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, nami nilishiriki katika uamuzi ambao baadaye uliwagharimu watu wengine kuliko ulivyonigharimu mimi, kwa hiyo siandiki kama mtazamaji. Nimekiandika kwa ajili ya maofisa wa kata, walimu, viongozi wa dini na wahandisi ambao siku moja watafika mahali na wenyeji wakawaambia: "Hapo msichimbe, pana watu."

Usuli wa mahali

Vita ya Kwanza ya Dunia iliingia katika pwani ya ziwa letu kwa meli. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba na kukiharibu kituo cha simu ya upepo, yaani ya redio, cha Wajerumani. Juni 1916 walikitwaa kisiwa cha Ukerewe, kilichokuwa kikiwalisha Wajerumani mchele, na mwezi uliofuata kikosi cha Brigedia Jenerali Charles Crewe kilishuka nchi kavu usiku, mashariki ya mji wa Mwanza, kikausogelea mji kwa miguu katikati ya mawe. Mji ulitwaliwa tarehe 14 Julai 1916. Ndani ya kikosi hicho walikuwamo askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) kutoka Uganda, askari wa Kihindi na Waganda wa kujitolea. Upande wa pili walikuwapo askari weusi wa jeshi la Mjerumani pamoja na rugaruga, yaani wapiganaji wa msaada wasio askari wa kawaida, waliokusanywa katika nchi ya Usukuma yenyewe. Wajerumani hawakuupigania mji kwa muda mrefu. Waliondoka kuelekea kusini, na Tabora nayo ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huohuo.

Wanaoandika historia ya vita hiyo hupita Mwanza kwa haraka, kwa kuwa mapigano yake yalikuwa madogo yakilinganishwa na ya mahali pengine. Lakini mapigano madogo nayo huua, na aliyeuawa katika mapigano madogo ana nafasi ndogo zaidi ya kukumbukwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita hiyo, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwahi kuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi yao ikafika 350,000. Wapagazi ndio waliosahaulika kupita wote. Nayataja haya mapema kwa sababu wakati kisa kinaanza sikuyajua, na lau ningeyajua ningesikiliza kwa namna nyingine.

Simulizi ya kilima

Kilima chenyewe si kirefu. Kina majabali makubwa yaliyopandana, nyufa zinazoweza kumficha mtu mzima, na miti ya zamani ambayo haikukatwa, jambo ambalo lingetosha kumwambia mgeni mwangalifu kwamba mahali hapo pana mwiko. Hakuna aliyelima pale wala aliyelaza mifugo. Wenyeji walisema kwamba katika miezi ya kiangazi, hasa usiku wa giza, husikika kishindo cha watu wanaotembea kwa pamoja na sauti ya mtu anayeamrisha kwa lugha isiyojulikana. Alfajiri wengine walikuwa wameona moshi mweupe ukitoka juu ya mawe bila moto. Na wanawake waliopita njia ya chini kwenda kuchota maji ziwani walisema kwamba hutokea sauti ikaomba: "Maji." Haiombi kwa Kisukuma, huomba kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo kila mwanamke aliyepita na ndoo alimwaga maji kidogo juu ya jiwe moja bapa lililo kando ya njia, kisha akaendelea bila kugeuka nyuma.

Mji, yaani makazi ya familia, uliokuwa karibu zaidi na kilima ulikuwa wa bibi mmoja mjane, mwenye umri wa kama miaka themanini. Aliolewa pale akiwa binti, na mama mkwe wake ndiye aliyemwonyesha lile jiwe na kumwagiza asiliache likauka katika kiangazi. Kwa desturi ya Kisukuma masamva, yaani roho za waliotangulia, ni za ukoo: huwatambua watu wao na huombwa na watu wao. Wale wa kilimani hawakuwa wa ukoo wa mtu yeyote pale kijijini. Bibi aliwaita "wageni", nami niliposikia neno hilo mara ya kwanza nililichukua kuwa tafsida tu.

Mradi, na usiku tuliolala mlimani

Kijiji kilipata mradi wa maji ya bomba. Kipindupindu kilikuwa kimewahi kuzitembelea familia zilizokuwa zikinywa maji ya ziwa moja kwa moja, na kichocho kilikuwa jambo la kawaida kwa watoto, kwa hiyo hakukuwa na shaka kwamba mradi ulihitajika. Wapimaji walichagua kilele cha kilima kuwa mahali pa tangi, kwa kuwa maji yangeteremka yenyewe hadi kwenye vituo vyote vya kuchotea. Vibarua wa kijijini walikataa kupanda. Waliokubali siku ya kwanza hawakurudi siku ya pili.

Tulikutana ofisini, na katika mihtasari tukaliita tatizo hilo "imani potofu". Uamuzi tulioufikia ulikuwa huu: baadhi yetu tungelala kilimani usiku mmoja, tuwe mashahidi, halafu tueleze katika mkutano wa kijiji kila tutakachokiona na kukisikia. Sababu ya uamuzi huo ilionekana nzuri. Hatukutaka kuleta polisi wala kuwalazimisha watu, tulitaka kuwashawishi kwa ushahidi, na sisi wenyewe tuwe wa kwanza kubeba hatari, kama ilikuwapo.

Tulilala watu watano, usiku usio na mwezi. Sauti zilikuwapo nyingi. Pimbi wanaoishi katika nyufa za mawe walipiga makelele ambayo mtu asiyewajua angesema ni mtu anayenyongwa. Majabali yaliyoshinda juani yalipopoa yalitoa mipasuko mikavu, kama mlio wa bunduki ya mbali, kwa kuwa jiwe la namna hiyo hupanuka mchana, hunywea usiku na hubanduka magamba. Ziwani tuliona safu ya taa zikisogea polepole, nazo zilikuwa taa za wavuvi wa dagaa, ambao huvua katika giza kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Asubuhi tulikuwa na maelezo ya kila kitu.

Katika mkutano niliyaeleza hayo kwa furaha, na ninakiri kwamba nilifurahia kupigiwa makofi. Bibi alikuwa amekaa pembeni, chini ya mwembe. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mliwasikia wakiomba maji?" Nilimjibu kwamba hatukusikia. Akasema, "Basi hawakuwaomba ninyi." Watu walicheka, mkutano ukafungwa, na baada ya siku tatu vibarua walipanda kilima.

Wachimbaji

Wiki ya pili kibarua mmoja alipata kifungo cha shaba na maganda kadhaa ya risasi yaliyoota kutu. Habari zilisafiri, na zilipofika mji wa karibu zilikuwa zimegeuka: pale kilimani pamepatikana rupia, sarafu za Mjerumani. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa mengi juu ya jambo hili. Karibu kila mahali Mjerumani alipojenga boma, akazika mtu au akapiga kambi, wapo watu wanaoamini kwamba aliacha mali ardhini, na wapo wanaouza ramani za uongo kuhusu mali hiyo.

Walikuja usiku, watu wasio wa kijiji, wakiwa na chombo cha kutambua vyuma. Hakuna aliyewazuia. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hawakuwa na mazoea ya kulinda kilima, kwa sababu hakikuwahi kuhitaji ulinzi. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja hofu ndiyo iliyokilinda, na hofu hiyo sisi tulikuwa tumeiondoa kwa mkutano wa asubuhi moja. Wavulana wachungaji walikuta ufa mmoja mkubwa umefunguliwa, mawe yaliyouziba yameviringishwa kando na mifupa ya watu imetupwa nje kama takataka. Mmoja wa wachimbaji aliangukiwa na jiwe mguuni, akapelekwa hospitali, na huko akasimulia kwamba alisukumwa na mtu asiyemwona.

Neno lilivyobadilika

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, nami nawaomba wasomaji watulie nacho.

Mkutano wetu haukuondoa sauti. Pimbi waliendelea kulia, mawe yaliendelea kupasuka, na watu waliozoea kusikia sauti waliendelea kuzisikia. Tulichokiondoa ni jina la sauti hizo. Tulikuwa tumetangaza kwamba mizimu ya askari haipo, na viongozi wa kijiji wakatuunga mkono, kwa hiyo mtu aliyesikia kishindo usiku hakuwa na ruhusa tena ya kusema ni askari. Ilikuwa lazima kiwe kitu kingine. Mganga mmoja wa kupita, aliyekuwa akizunguka katika vijiji vya jirani, aliwapa neno jipya: wale ni misukule.

Tofauti kati ya maneno hayo mawili si ndogo. Mzimu hauna mwenyewe. Ni roho ya aliyekufa, ina haki yake na madai yake, na mtu anaweza kuutuliza bila kumchukia jirani. Msukule una mfugaji. Anayesema kwamba mahali fulani pana misukule anasema pia kwamba pana mchawi aliyewachukua watu, akawaficha na anawatumikisha usiku, na swali linalofuata ni moja tu: mchawi huyo ni nani? Jibu lilikuwa linakaa mita chache kutoka kilimani. Alikuwa mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ambaye mihogo yake ilistawi ingawa alilima peke yake, na ambaye watu wote walikuwa wamemwona akimwaga maji juu ya jiwe. Mganga alisema maji hayo ndiyo posho ya misukule wake.

Usukuma umezika vikongwe wengi kwa ushahidi wa namna hiyo, na hakuna aliyekuwa na haja ya kutuambia kilichokuwa kikikaribia. Mtemi wa sungusungu, mtu mzima mwenye akili, alikuja kwangu usiku akaniambia kwamba vijana wameanza kukutana bila kumshirikisha. Tuliamua mambo mawili usiku uleule. Kwanza, bibi aondoke kabla ya mapambazuko aende kwa binti yake wilaya nyingine. Hatukumpitisha barabarani, bali kwa mtumbwi wa mvuvi wa dagaa aliyekuwa akirudi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ili pasiwe na mtu wa kuulizia gari. Pili, polisi wajulishwe, na mtendaji aitishe mkutano na kuwasomea wananchi Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo inamfanya mtu anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi awe yeye mwenyewe mkosaji. Mganga aliondoka kijijini siku iliyofuata.

Shuleni

Wiki hiyohiyo wasichana kadhaa wa shule ya msingi walianguka darasani wakipiga kelele kwamba askari wanawashika. Mwalimu mkuu alitaka kufunga shule. Mganga wa zahanati alimkumbusha yaliyotokea Kashasha, karibu na Bukoba, mwaka 1962, ambako kicheko na kilio vilivyowaanza wasichana watatu viliwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ilipofungwa wasichana wakavipeleka vijijini kwao. Shule haikufungwa. Aliyeanguka alipelekwa kivulini na mwalimu wa kike mmoja, bila umati wa kumtazama, akapewa muda, akarudi darasani. Baada ya siku nane hali ilikwisha.

Tulivyorudi kusikiliza

Nilikwenda kwa bibi nikiwa na daftari, nikakaa kwa binti yake siku mbili. Nilimsalimu, nikamwomba radhi, kisha nikafanya kile ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kulala kilimani: nikamwomba anisimulie tangu mwanzo, kama alivyosimuliwa, bila mimi kumkatiza.

Mama mkwe wake alikuwa msichana mdogo wakati wa vita. Bunduki zilipoanza, watu wa kijiji walijificha katika mawe ya kilima cha pili. Wale waliokuwa juu ya kilima walipopiga, moshi mweupe ulitanda hadi hawakuonekana, kisha ukapeperushwa kuelekea ziwani. Mapigano yalipokwisha, jeshi likaendelea na safari yake, na majeruhi wakabaki. Walikuwa wakiita. Watu wa kijiji wakati huo walizungumza Kisukuma, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya boma. Yule msichana hakujua neno wanaloliita, akamuuliza babu yake, naye akamwambia: wanataka maji. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili.

Nilimuuliza bibi kama walipelekewa maji. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Walisikia siku mbili. Hawakutoka." Waliogopa kwamba jeshi lingerudi, na kwamba yeyote atakayekutwa na majeruhi wa upande mmoja angeuawa na upande mwingine, jambo ambalo katika vita ile halikuwa hofu ya bure. Siku ya tatu, sauti zilipokoma, wazee walitoka wakawakusanya, wakawaweka katika ufa na kuuziba kwa mawe. Tangu siku hiyo wanawake wa mji ule humwaga maji. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Sisi tuliona ushirikina mahali ambapo palikuwa na deni, na watu waliokuwa wakililipa ndoo kwa ndoo kwa niaba ya wazazi wao waliokwisha kufa.

Mtaalamu wa mambo ya kale alifika baada ya taarifa yetu, ambayo tulipaswa kuitoa tangu kifungo cha kwanza kilipopatikana. Aliyatazama maganda ya risasi akatuonyesha aina mbili. Moja lilikuwa jembamba, la bunduki za Kiingereza. Jingine lilikuwa nene, la milimita 11, la bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Mjerumani katika nchi hii walikuwa bado wakiitumia vita ilipoanza. Bunduki hiyo ilitumia baruti ya zamani, na kila ilipofyatuliwa ilitoa wingu la moshi mweupe lililomfichua mpigaji. Bibi hakuwahi kusoma habari za baruti, wala mama mkwe wake.

Mazishi

Daktari aliithibitishia polisi kwamba mifupa ni ya kale. Kisha ulikuja mjadala wa nani awazike, nao haukuwa mwepesi. Padri alisema huenda Waganda miongoni mwao walikuwa wamebatizwa. Shehe alisema askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waislamu. Wazee walisema kwamba wafu waliokaa katika ardhi ya kijiji miaka yote hiyo wamekuwa wa kijiji. Tulikubaliana kwamba kila mmoja aombe kwa njia yake, kwa zamu, na asitokee wa kudai kwamba wote ni wake. Mifupa ilirudishwa katika ufa uleule, ikiwa katika masanduku ya mbao, na ufa ukazibwa kwa mawe na saruji. Juu yake paliandikwa kwa Kiswahili: "Askari na wapagazi waliokufa hapa Julai 1916. Majina yao hatuyajui." Neno wapagazi liliongezwa na mtaalamu, kwa sababu karibu na mifupa ya baadhi yao hapakuwa na kifungo wala chuma chochote cha sare.

Tangi lilihamishiwa kilima cha pili, kile ambacho watu walijifichia. Bomba liliongezeka urefu, fedha zikapungua, na vituo viwili vya kuchotea havikujengwa mwaka ule.

Matokeo

Maji yalifika yakiwa yamechelewa karibu mwaka mzima. Wachimbaji wa rupia hawajarudi, kwa kuwa sungusungu sasa hupita kilimani. Wasichana wa shule wako salama. Sauti zinasikika bado, kwa wanaozisikia, na hakuna anayezitafutia mfugaji.

Bibi hakurudi. Tulimwalika siku ya mazishi, akaja kwa gari la halmashauri, akamwaga maji na kuondoka jioni ileile. Nyumba yake ilikuwa imeng'olewa mabati wakati hayupo. Alisema hawezi kulala tena kati ya vijana ambao anajua walichokuwa wakikipanga, na sikuwa na la kumjibu.

Uchambuzi

Kosa letu kubwa halikuwa kutoamini mizimu. Mtu anaweza kuwa na imani yoyote kuhusu jambo hilo na bado akafanya kazi yake vizuri. Kosa lilikuwa kuuliza swali moja tu, kama sauti zipo au hazipo, na kuliacha swali lililokuwa na manufaa zaidi, yaani simulizi hii inafanya kazi gani mahali hapa. Ilikuwa inafanya kazi tatu ambazo sisi hatukuziandalia mrithi. Ilikilinda kilima dhidi ya majembe. Ilitunza habari sahihi za tukio, hadi rangi ya moshi na lugha ya waliokufa, kwa umbali wa vizazi vitatu. Na iliwapa watu maelezo ya hofu yao yasiyomtuhumu jirani yeyote aliye hai. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiona nikiwa nimechelewa. Katika nchi ambayo neno moja linaweza kumfanya bibi wa watu akatwe mapanga, ofisa akifuta maelezo yasiyo na mtuhumiwa, na yeye asibaki hapo kutazama ni maelezo gani yanaingia mahali pake, amemweka mtu hatarini bila kumjua.

Usiku wa kilimani haukuwa bure wote. Maelezo kuhusu pimbi, mawe na taa za dagaa yalikuwa ya kweli, na bado nayatumia. Yangefaa zaidi kama yangetolewa baada ya simulizi kuheshimiwa, na kama mwisho wake ungekuwa kwamba sauti nyingi ni za wanyama na mawe, lakini wafu wapo, nao wako chini ya mawe yale pale. Hilo lingekuwa kweli tupu. Sisi tulisema hakuna kitu, na kitu kilikuwapo.

Kuna uzembe mwingine ambao haukutuletea madhara, nao usisamehewe kwa sababu hiyo. Mahali palipopiganwa huenda pakawa na silaha ambazo hazijalipuka. Novemba 2017 bomu la mkono lililookotwa na mwanafunzi liliwaua watoto katika shule moja wilayani Ngara. Tulipaswa kuliita jeshi likague kilima kabla ya kumpandisha mtu yeyote, pamoja na sisi wenyewe tuliotandika mikeka juu yake.

Lililofanya kazi vizuri ni kasi ya usiku ule wa mtumbwi, na sababu yake ni kwamba mtemi wa sungusungu alijua mlango wa kugonga. Uhusiano huo ulikuwa umejengwa kwa miaka mingi, katika misiba na mikutano isiyo na posho, na haungeweza kujengwa siku hiyo. Kusoma sheria mkutanoni kulitununulia muda, lakini hakukubadilisha moyo wa mtu. Mioyo ilianza kubadilika pale simulizi kamili ya bibi iliposomwa mbele ya watu, kwa ruhusa yake, na wazee wawili wakasimama kusema kwamba nao waliisikia hivyohivyo kwa bibi zao, isipokuwa kile kipande cha siku mbili, ambacho kwao kilikuwa kimefichwa.

Nimejiuliza kwa nini wafu wa Vita ya Kagera wanazungumziwa kwa sauti tofauti. Nadhani ni kwa sababu wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, wana majina, na taifa lina tarehe 25 Julai ya kuwakumbuka mashujaa wake. Waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 wana makaburi yao Igoma, na ndugu huja kuomba. Wale wa kilimani walikuwa na jiwe bapa na mwanamke mmoja mwenye ndoo.

Limebaki jambo moja. Mama mkwe alimwambia bibi kwamba wazee waliwaweka katika ufa watu kumi na mmoja, lakini tulipohesabu mafuvu tulipata tisa. Nilimpelekea bibi swali hilo. Alisema kumi na mmoja ndio waliosikika wakiita, naye kwa miaka yote amekuwa akisema idadi hiyo, ila sasa anakumbuka kusimuliwa kwamba wawili walitambaa usiku kuelekea ziwani, na asubuhi hawakuonekana. Bomba lilipopita kati ya kilima na mwalo, tuliwaomba vibarua wachimbe kwa majembe badala ya mtambo, polepole, nami nilisimama kwenye mtaro siku zote nne. Hatukuwakuta.